Nishani Kifuani: Ivae Isomeke

Mwalimu mkuu mstaafu, mkunga wa kijijini, mwanariadha, mpanda miti, nahodha aliyeokoa watu chombo kilipozama: watu wa namna hii ndio ambao serikali zetu huwaita mara kwa mara kuwavisha nishani. Siku yenyewe huwa ya vigelegele. Kesho yake kisanduku huingia kabatini, chini ya vitenge na hati za shamba, na hukaa humo miaka. Mwenyewe hakuelezwa aivae lini, upande gani, na nguo ipi. Anachelea kukosea mbele za watu, anachelea pia kuonekana anajidai, basi anaona heri aiache ilipo.

Makala haya ni ya mtu huyo na jamaa zake. Ni ya yeyote pia atakayeketi siku moja kwenye kamati ya kubuni nishani, iwe ya taifa, ya kaunti au ya chama cha ushirika. Ninalotaka kusema ni hili: nishani ya kiraia hutengenezwa ili isomwe na watu, na kazi ya anayeivaa ni kuhakikisha inasomeka. Ukilishika hilo, maswali mengi kuhusu mavazi, mahali na wakati yatajijibu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 132, inampa Rais uwezo wa kutunuku heshima kwa jina la wananchi na Jamhuri. Maneno hayo ni mazito. Mkono unaokuvisha ni wa Rais, lakini anayekushukuru ni mkulima wa Bungoma, mama muuza samaki wa Kongowea, mtoto wa shule wa Garissa. Kuifungia nishani kabatini ni kama kupokea salamu za umma mzima na kunyamaza.

Anza kwa kuisoma nishani yenyewe

Kabla hujauliza uivae wapi, ifungue uitazame. Umbo la nishani ndilo linaloonyesha mahali pake mwilini. Ikiwa na utepe mfupi na pini mgongoni, ni ya kifuani. Ikiwa na utepe mrefu wa kuzunguka shingo, ni ya shingoni. Ikiwa na ukanda mpana wa hariri, ni ya begani: ukanda hupita kutoka bega moja hadi nyonga ya upande wa pili. Nyota kubwa isiyo na utepe wowote, yenye pini tu kwa nyuma, hubandikwa kwenye koti, kwa kawaida upande wa kushoto. Mkufu wa chuma uliounganishwa vipande vipande hukaa mabegani. Nishani ya Urafiki ya China, ambayo Dkt. Salim Ahmed Salim wa Tanzania alitunukiwa mwaka 2019, ni ya aina hiyo ya mkufu, na ina njiwa, tufe la dunia na mikono inayosalimiana.

Nishani moja yaweza kuwa na madaraja yanayotofautiana kwa mahali pa kuvaliwa. Legion d'honneur ya Ufaransa, iliyoanzishwa na Napoleon Bonaparte mwaka 1802, ina madaraja matano. Wa daraja la kwanza kutoka chini huvaa msalaba wake kifuani kwa utepe mwekundu mtupu. Wa pili huvaa hapohapo, lakini utepe wake una ua dogo la kitambaa. Wa tatu huvaa shingoni. Wa nne huvaa bamba kifuani. Wa juu kabisa huvaa ukanda mwekundu kutoka bega la kulia. Mfaransa aliyezoea huweza kutambua daraja la mtu akiwa upande wa pili wa ukumbi, kabla hajamkaribia kuona chuma chenyewe.

Ndani ya kisanduku mara nyingi huwamo zaidi ya kitu kimoja. Kwa kawaida kuna nishani kamili, na huenda kuna nakala yake ndogo, takriban nusu ya ukubwa, kwa dhifa za usiku. Huenda kuna pini ndogo ya kola kwa mavazi ya kila siku. Kila kimoja kina wakati wake, na havivaliwi pamoja. Ukiwa umevaa nishani kamili, pini ya kola ibaki nyumbani.

Geuza upande wa nyuma pia. Ukikuta namba, iandike. Piga picha za pande zote mbili, za hati ya kutunukiwa na za gazeti la serikali lenye jina lako, kisha ziweke mahali tofauti na nishani. Ikiibwa au ikiungua, hizo ndizo zitakazokutetea.

Siku ya kuvishwa

Mpigie simu afisa wa itifaki mapema, umuulize mambo matatu: nishani yangu ni ya kifuani au ya shingoni, nitavishwa nimesimama wapi, na jamaa wangapi wanaruhusiwa. Jibu la swali la kwanza ndilo litakalochagua nguo yako.

Kwa nishani ya kifuani, omba kulabu. Katika sherehe za Uingereza, maafisa humbandika mtu kulabu ndogo kwenye nguo kabla hajaingia ukumbini, na anayemvisha huitundika nishani kwenye kulabu hiyo mara moja. Huo ni utaratibu mzuri wa kuigwa popote. Rais hahangaiki na pini, kitambaa hakitoboki ovyo, na mama aliyevaa gauni la hariri hapati aibu ya kushikwashikwa kifuani mbele ya kamera.

Kwa nishani ya shingoni, fikiria kichwa na shingo. Kilemba kirefu humlazimu anayekuvisha kuinua mikono juu sana. Shanga nyingi na mikufu ya dhahabu huficha utepe. Vaa hereni ndogo zisizonasa. Mwanamke mwenye mtandio aufunge mapema kwa namna itakayoruhusu utepe kupita juu yake na kukaa wazi. Inamisha kichwa kidogo, usipige magoti isipokuwa umeelekezwa hivyo, kisha inuka na usimame wima picha ipigwe.

Wafaransa wana kanuni ninayoipenda: aliyetangazwa haruhusiwi kuvaa chochote mpaka avishwe rasmi, na mara nyingi huvishwa na mtu ambaye mwenyewe ameshatunukiwa. Hata kama sheria ya nchi yako haisemi hivyo, usiivae kabla ya siku yake. Tangazo gazetini ni habari. Kuvishwa mbele ya mashahidi ndiko kunakukabidhi.

Kushoto, na kwa mpangilio

Desturi iliyoenea duniani ni kwamba nishani za kifuani huvaliwa upande wa kushoto wa mvaaji. Weka pini usawa wa ukingo wa juu wa mfuko wa koti. Kama nguo haina mfuko, pima kiganja kimoja chini ya mfupa wa mtulinga. Ikishuka zaidi ya hapo hufichwa na mkono, na ikipanda zaidi hugongana na kola.

Ukiwa na nishani zaidi ya moja, zipange kwenye mstari mmoja. Ya juu zaidi kwa cheo hukaa karibu na vifungo vya koti, na zinazofuata huelekea kwenye bega la kushoto. Anayetazama mbele yako huanza kusoma kutoka kushoto kwake, na hapo ndipo pa kuweka nishani kubwa. Ya taifa lako hutangulia ya taifa jingine. Profesa Wangari Maathai wa Kenya alipata nishani za nchi yake, Mkuki Uwakao wa daraja la EBS mwaka 2003, na Moyo wa Dhahabu wa daraja la EGH mwaka 2004, kisha Legion d'honneur mwaka 2006. Kwa kanuni hii Moyo wa Dhahabu unakuja mbele, Mkuki unafuata, na ya Ufaransa inakuja mwisho. Ukialikwa kwenye ubalozi wa nchi iliyokupa nishani, ni adabu kuivaa ya kwao siku hiyo, lakini usiiache ya nyumbani.

Nishani ya shingoni ina vipimo vyake. Kwa aliyevaa suti na tai, utepe hupita chini ya kola, na nishani hutokeza chini kidogo ya kifundo cha tai. Isifike tumboni. Utepe ukiwa mrefu, mpelekee fundi cherehani aufupishe kwa kuukunja nyuma ya shingo bila kuukata, kwa sababu utepe uliokatwa haurudi. Na vaa moja tu shingoni, hata ukiwa nazo tatu.

Kanzu, kitenge, buibui na suti ya Kaunda

Miongozo mingi ya kuvaa nishani iliandikwa kwa mtu wa suti nyeusi na tai. Wengi wetu hatuvai hivyo siku zetu kubwa, wala hatulazimiki. Tunachohitaji ni kujua kitambaa kinabeba nini na macho yanaona nini.

Kanzu ni nyeupe, na kila rangi ya utepe huonekana juu yake. Tatizo ni wepesi wa kitambaa: nishani nzito huivuta kanzu ikapinda kifuani, na pini hupasua nyuzi. Vaa koti juu ya kanzu, kama wazee wa pwani na wa Uganda wanavyofanya, ubandike kwenye koti. Joho ni bora zaidi, kwa kuwa lina kitambaa kizito na ukingo mpana unaokaa wima. Kama lazima iwe kwenye kanzu tupu, mwambie fundi ashone kipande cha kitambaa kigumu kwa ndani, ukubwa wa kiganja, mahali pini itakapopita.

Suti ya Kaunda ni rafiki wa nishani. Kitambaa chake ni kizito, mara nyingi ni cha rangi moja, na mfuko wa kushoto unakuonyesha mahali. Ya shingoni pia hukaa vizuri juu yake kwa sababu hakuna tai ya kushindana nayo.

Kitenge kinataka uangalifu. Maua makubwa ya rangi tano huumeza utepe, na nishani hugeuka kuwa doa la kung'aa lisiloeleweka. Chagua kitenge chenye sehemu tulivu kifuani, au mwombe fundi aweke kipande cha rangi moja upande wa kushoto. Mama aliyejifunga leso au kujitanda kanga juu ya gauni aibandike nishani kwenye gauni, kisha kanga aipitishe bega la kulia.

Kwa wanawake, nchi kadhaa zina njia maalumu. Nishani ya Uhuru ya Rais wa Marekani kwa kawaida ni ya shingoni, lakini mwanamke anaweza kuivaa kwa utepe uliofungwa fundo la kipepeo na kubandikwa kifuani kushoto. Uingereza nayo ina fundo kama hilo kwa wanawake. Kwa mwanamke wa buibui fundo hilo linafaa sana: rangi za utepe huonekana juu ya kitambaa cheusi, halishiki mtandio, wala halidai shingo iwe wazi. Kama nishani yako ni ya shingoni nawe hutaki kuivaa hivyo kwa sababu ya stara, uliza ofisi iliyokutunuku kama fundo linaruhusiwa. Ombi hilo halina aibu.

Mmaasai aliyevaa shuka aibandike kwenye pindo lililokunjwa mara mbili upande wa kushoto. Shanga za shingoni, ambazo nazo zina maana zao, zibaki, na nishani ishuke chini yake isiwekwe juu yake.

Vyovyote nguo ilivyo, mwambie fundi ashone vitanzi viwili vidogo vya uzi mahali pa nishani. Pini hupita kwenye vitanzi hivyo badala ya kutoboa kitambaa. Kazi hiyo haimchukui muda, na koti lako litadumu.

Lini uivae, na lini uiache

Ivae Sikukuu ya Mashujaa, Jamhuri, Madaraka, Uhuru, Muungano na Mapinduzi. Ivae kwenye dhifa ya serikali ambayo kadi yake inataja nishani, na kwenye mazishi ya kitaifa. Ivae pia mahali ambapo sherehe ni ndogo lakini kazi yako inajulikana. Kama ulitunukiwa kwa ualimu, ivae siku ya kufunga shule. Kama ni kwa uuguzi, ivae siku chuo kinapowaaga wauguzi wapya. Kijana anayeona nishani kifuani mwa mtu wa kazi yake anaelewa kwamba kazi hiyo ina hadhi. Hotuba ndefu haimfundishi hivyo.

Mkimbiaji Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, na siku nane baadaye, Sikukuu ya Mashujaa mjini Mombasa, Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku EGH. Haraka ile ilikuwa na faida: kila mtoto aliyekuwa akitazama alijua nishani ile inasema nini. Wengi hutunukiwa miaka mingi baada ya kazi yao, wakati waliowaona wakiifanya wameshatawanyika. Wao ndio wenye wajibu mkubwa zaidi wa kuivaa mahali ambapo habari yake inaweza kusimuliwa.

Siku za kawaida tumia pini ya kola. Wakanada wenye Nishani ya Kanada huvaa kitheluji kidogo cheupe kwenye kola ya koti hata wakienda dukani, na Wafaransa wenye Legion d'honneur huvaa uzi mwekundu mwembamba. Pini hiyo humfanya mtu aulize, nawe ukajibu kwa sentensi mbili. Kama nchi yako haikukupa pini, omba kwanza ruhusa kabla ya kumwendea sonara akutengenezee.

Usiivae kwenye mkutano wa kampeni. Usiruhusu picha yako nayo itumike kuuza sabuni, bima wala viwanja. Ilitolewa kwa jina la wananchi wote, na miongoni mwa waliokupa wamo wasiokipigia kura chama chako na wasionunua bidhaa hiyo. Usiitoe mfukoni mbele ya askari wa barabarani wala kwenye foleni ya hospitali. Na usimwazime mtu yeyote, hata mwanao kwenye harusi yake. Ufaransa, kuvaa nishani usiyotunukiwa ni kosa la jinai. Pasipo sheria kama hiyo, bado ni uongo unaobandikwa kifuani.

Herufi baada ya jina

Kenya ina mazoea makubwa ya kuandika herufi za heshima baada ya jina: CGH, EGH na MGH kwa Moyo wa Dhahabu, CBS, EBS na MBS kwa Mkuki Uwakao, kisha OGW na HSC. Zitumie kwenye barua rasmi, kadi ya kazi, programu ya sherehe na jiwe la msingi. Ziache kwenye ujumbe wa simu, kundi la familia na sahihi ya kila siku. Zikiwa mbili, ya juu hutangulia. Mume au mke wako hazitumii, na watoto hawazirithi. Herufi ni kivuli cha nishani: ukizitumia kila mahali huku nishani yenyewe iko kabatini, watu watajua cheo chako wasijue kazi yako.

Kwa mnaobuni nishani

Waliobahatika kuombwa kuchora nishani mpya huanza kwa kuweka kila kitu: ngao, mwenge, jembe, mlima, simba, kitabu na picha ya kiongozi. Nishani ina upana wa sentimita chache tu. Chagueni kitu kimoja.

Tazameni walivyofanya wengine. Kanada ilipoanzisha nishani yake tarehe 1 Julai 1967, Bruce Beatty aliibuni kwa umbo la kitheluji cheupe chenye pembe sita, na katikati jani la mti wa maple chini ya taji. Rangi ya jani huonyesha daraja: jekundu kwa la juu, la dhahabu kwa la kati, la fedha kwa la tatu. Utepe ni mweupe na mwekundu kama bendera. Mwandishi M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, ni mmoja wa waliotunukiwa nishani hiyo. Australia ilianzisha ya kwake mwaka 1975, na Stuart Devlin, aliyechora pia sarafu za nchi hiyo, akachukua ua moja la mti wa wattle, mviringo wenye vitone vya manjano. Theluji kwa Wakanada na ua lile kwa Waaustralia ni vitu ambavyo kila raia amevishika, na havina kabila wala chama.

Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi. Nishani yake ya O. R. Tambo, inayotolewa kwa marafiki wa taifa hilo kutoka nje, huambatana na bakora ya mti mweusi wa nchini iliyochongwa nyoka. Mwalimu Julius Nyerere ni miongoni mwa waliotunukiwa baada ya kufariki. Bakora ni alama ambayo mzee yeyote wa Kiafrika huielewa bila kufafanuliwa. Wabunifu wetu wajiulize: kwetu heshima ilivaliwaje kabla ya utepe na pini? Kuna usinga, kofia, joho, ukaya, ushanga. Nishani ya Moyo wa Dhahabu na ile ya Mkuki zimekwisha kuonyesha njia kwa kuita baadhi ya madaraja yake Mzee na Moran. Umbo nalo linaweza kutoka huko.

Kuhusu sura ya kiongozi, Ufaransa imetuachia somo. Legion d'honneur ilipoanza kuvaliwa ilikuwa na kichwa cha Napoleon katikati. Wafalme waliporudi, kichwa kikaondolewa, akawekwa Mfalme Henri IV. Jamhuri iliporudi, akawekwa mwanamke anayewakilisha Jamhuri, naye yupo hadi leo. Pembe za msalaba na utepe mwekundu vilibaki; sura ndiyo iliyobadilika na kila utawala. Pwani yetu ilikwisha kujua jambo hili: Sultani Barghash bin Said alipoanzisha nishani ya Zanzibar mwaka 1875, aliipa jina la nyota ing'aayo. Nyota haipinduliwi.

Utepe ushughulikiwe kwa uzito uleule wa chuma, maana kwa mbali ndio unaoonekana. Nishani ya Dola ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1917 ikiwa na utepe wa zambarau. Mwaka 1937 ulibadilishwa ukawa wa waridi wenye kingo za kijivu, na kundi la kijeshi huongezewa mstari wa kijivu katikati. Mstari mmoja mwembamba umetosha kutenganisha raia na askari. Rangi mbili au tatu zinatosha. Zijaribuni juu ya kanzu nyeupe, suti nyeusi na kitenge kabla hamjaagiza kiwandani.

Wekeni mipango ya fundo la kipepeo tangu mchoro wa kwanza, lisije likawa nyongeza. Pimeni uzito kwa kuibandika kwenye shati jepesi. Kaulimbiu isizidi maneno matatu au manne, nayo iwe kwa Kiswahili, lugha ambayo wavaaji na watazamaji wanaishiriki. Nyuma acheni nafasi ya jina na mwaka. Nishani isiyo na jina la mtu ni rahisi kuuzwa na ni vigumu kurudishwa.

Kuitunza

Nishani nyingi hazina dhahabu tupu. Ni fedha au shaba iliyochovywa dhahabu, na tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele. Kwa hiyo usiisugue. Dawa ya meno, ndimu, majivu na dawa za kung'arishia shaba huondoa dhahabu yote kwa mara chache. Futa kwa kitambaa laini kikavu kila baada ya kuivaa, hasa penye jasho. Sehemu za rangi ni enameli, yaani kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwa moto mkali. Ikianguka sakafuni hupasuka, na gundi haiirudishi. Unapokifungua kisanduku, kaa kitandani au mezani penye kitambaa.

Jipulizie marashi na ufukize udi kabla ya kuivaa, kwa kuwa mafuta na moshi hung'ang'ania utepe. Utepe haufuliwi. Ukichakaa, omba mpya na uutunze wa zamani kwenye bahasha. Usiifunge nishani kwa mpira wala kuizungushia gazeti. Vyote viwili huifanya fedha iwe nyeusi. Kwenye hewa ya bahari, kama Mombasa, Tanga au Unguja, weka ndani ya kisanduku vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, uvibadilishe mara kwa mara. Ukisafiri, ibebe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na nakala ya hati yake.

Mwenyewe akifariki

Swali hili huleta ugomvi kwenye familia, nalo hujibiwa vizuri mwenyewe akiwa hai. Andika kwenye wosia nani ataihifadhi. Nishani haigawanywi kama shamba, basi mpe mmoja ambaye nyumba yake iko wazi kwa wote, au ikabidhi shule, msikiti, kanisa au makumbusho ya eneo lako kwa maandishi.

Uingereza na Australia, jamaa wa marehemu huvaa medali zake za vita kifuani upande wa kulia siku za kumbukumbu, na upande huo huwaambia watazamaji kwamba aliyezipata si yeye. Nishani ya kiraia ni ya mtu mmoja mmoja zaidi. Mimi nashauri iwekwe kwenye fremu yenye kioo, mbali na jua, pamoja na picha yake na maelezo. Siku ya mazishi yaweza kuwekwa juu ya mto mdogo mbele ya jeneza, na isizikwe. Ikienda kaburini, wajukuu hawatakuwa na cha kuuliza.

Maelezo ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Hati nyingi za kutunukiwa husema "kwa utumishi uliotukuka" na kuishia hapo. Leo jioni chukua karatasi, uandike ukurasa mmoja: ulifanya nini, wapi, pamoja na nani, na nani alinufaika. Wataje wenzako kwa majina, wale waliobeba maji, walioshika taa, waliokesha nawe. Weka nakala moja kisandukuni na nyingine umpe mwalimu wa shule ya msingi iliyo karibu nawe. Kisha, sikukuu ya taifa itakapofika, vaa nguo yako njema, bandika nishani kushoto, uende uwanjani. Mtoto akikuuliza ulipewa kwa nini, msimamishe umweleze yote.